Kengele Tumboni mwa Mheshimiwa

Fundi aligonga weldi mara tatu, akatulia, kisha akagonga mara mbili. Chuma kikaitika vizuri. Kazi ilikuwa safi kabisa, na ndiyo iliyowazamisha.

Msumari alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boya, miguu ikining'inia juu ya maji, mdomo umejaa mkate. Aliacha kutafuna. Walimwita Msumari kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu akishaingia katika jambo hatoki mpaka avutwe kwa koleo. Alimtazama mdogo wake kule kwenye boti. Mdogo wake aliitwa Redio, maana hakuna mtu mtaani aliyewahi kuipata swichi ya kumzima. Sasa Redio alikuwa kimya. Redio akinyamaza mwenyewe, jua kumekucha vibaya.

"Baba, kwa nini umegonga hivyo?"

"Hivyo vipi?" Fundi alisukuma miwani yake ya kuchomelea hadi kwenye paji la uso. "Nagonga hivi tangu sijamwoa mama yako. Tatu za kuuliza, mbili za kujibu. Tatu unaiuliza weldi, umeshika? Mbili inakujibu, nimeshika. Ikikujibu kwa sauti ya debe, unarudia kazi."

"Lakini hapa ni baharini, baba."

"Sasa kwani chuma kikiwa baharini kinapata homa?"

Boya lenyewe lilikuwa dude la chuma lenye jukwaa la duara pana kama meza ya watu wanane, na juu yake mnara mfupi wenye taa. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mahali ambapo miamba inaanza, ili meli zijue pa kukwepa. Kengele yake ya zamani ilipotea pamoja na nusu ya ngazi, na ofisi ya bandari ikawalaumu wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi akapewa kazi ya kutengeneza nyingine. Aliikata kutoka kwenye mtungi wa gesi, akaijaribu uani kwake wiki nzima, hadi majirani wakaja kumwomba msamaha kwa makosa ambayo hawakuwa wameyafanya. Leo ameichomelea kwenye mnara. Kilichobaki ni kurudi nyumbani.

"Shemeji!" Mjomba wao, mwenye boti, aliinua kichwa kutoka kwenye mashine. "Unakwangua nini huko?"

"Mimi? Niko juu huku, mikono mitupu."

"Basi nani anakwangua?"

Wakasikiliza. Chini ya boti kulikuwa na sauti kama ya mtu mwenye njaa anayekwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Kisha vijiko vikawa vingi. Mjomba alitazama miguu yake, akaona maji yamefika kwenye vifundo, na katikati ya maji yale kumefunguka tundu la ukubwa wa sahani. Ndani ya tundu kulikuwa na mdomo.

Hakupoteza muda kwa kushangaa. Alimkamata Redio kwa kola na kumrusha kama gunia. Msumari akampokea kwa kifua na wote wawili wakabingirika kwenye jukwaa. Likafuata dumu la maji. Ikafuata shoka. Boti lilipasuka katikati kama biskuti, jenereta ikatumbukia, na mjomba akaruka. Hakufika. Alidaka ukingo wa jukwaa kwa vidole, mwili mzima majini, akipiga kelele ambazo hazina maneno.

Fundi alikaa chini, akakita mguu mzima kwenye nguzo, akauacha ule mbovu uning'inie nje, akamshika shemejiye makwapani. Ule mguu mbovu ulikuwa na bamba la chuma ndani yake na skrubu kadhaa, tangu siku alipoanguka kutoka juu ya tangi la mafuta. Mjini walimtania kwamba alijichomelea mwenyewe.

"Vuta, shemeji!"

"Navuta! Umekula nini wewe?"

Hapo fundi akatoa sauti ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia. Mfupa ulivunjika kama ubao mkavu. Maji yaligeuka mekundu, na kutoka chini kabisa, ndani ya ule wekundu, Msumari akasikia kitu kikilia waziwazi: *kring, kring*.

Aliijua sauti ile. Aliipenda.

Mjomba alipanda juu ya mgongo wa fundi, akamburuta kutoka ukingoni. Chini ya goti palibaki nyama na ngozi zikining'inia. Bamba la chuma halikuwepo. Kitu kinene kiliruka kutoka majini kufuata damu. Hakikuwa na macho, ngozi yake iling'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, na mdomo wake wa duara ulikuwa na meno ya tupa. Mjomba akakipasua kwa shoka. Damu yake ilikuwa ya kahawia na ya moto. Ilipogusa jukwaa ilitoa mvuke. Kilirudi majini vipande viwili, na wenzake hawakumlilia. Walimla, wakivutana.

"Njooni!" Mjomba aliinua shoka tena. "Njooni mnione!"

Wakaja kumwona. Mmoja alidaka shoka. Mwingine alidaka mkono, palipokuwa na saa nzito ya chuma ambayo mjomba aliisifia kwa kila mtu kuwa haiingii maji. Kweli, haikuingia maji. Iliingia kwingine, na kiganja kikaenda nayo.

* * *

Nyuma ya karakana ya fundi kulikuwa na cherezo la zamani, mahali ambapo meli zilivutwa juu ya reli mbili ili zitengenezwe. Meli ziliacha kuja kabla ya Msumari kuzaliwa. Reli zikabaki, zikishuka hadi kwenye shimo la maji yaliyotulia ambayo watu wazima waliyakataza, kwa hiyo watoto walicheza hapohapo.

Huko ndiko Msumari alikompata wa kwanza. Alikuwa mdogo, wa kutosha kwenye kiganja. Alichukua msumari wenye kutu kutoka vidoleni mwake taratibu, kama mgeni anayechukua peremende ya pili, akautafuna, na tumboni mwake kukalia *ting*. Kisha akawaka mwekundu kama kaa la moto, na maji yaliyomzunguka yakapata joto. Msimu wa baridi watoto hao wawili walikaa pale na miguu majini kama watu wa hotelini.

Wakawaita walakutu. Kila chuma mlakutu alichokula kiliacha sauti yake ndani yake, na mwenye sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa mkubwa. Wengine walijipanga nyuma yake kwa mstari. Mmoja alikula kengele ya baiskeli, na baiskeli yenyewe. Huyo wakamwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa na tumbo, hafanyi kazi, na kila aendako ana msafara. Hata akila wapi, alirudi kulala chini ya reli zilezile. Na akishiba alipenda kuweka pua yake kwenye kiganja cha Msumari, yenye joto kama kikombe cha chai, akatulia.

Kuwaita ilikuwa rahisi. Waligonga reli iliyoshuka majini kwa mgongo wa jiwe. Na wangegonga vipi? Watoto wa fundi walijua mlio mmoja tu, waliousikia tangu wakiwa tumboni: tatu, kisha mbili. Benchi la karakana halikugusa bahari, hivyo baba yao aligonga siku nzima bila neno. Reli iligusa. Na mnyororo wa boya unagusa.

Walakutu walikua. Mageti ya mtaa yakaanza kupotea, na mifuniko ya mitaro. Siku moja wakaondoka wote kwenda bahari kuu. Redio alilia wiki nzima, akamwambia kila aliyemuuliza kwamba ana mafua.

* * *

"Mkanda," Msumari alisema. "Mjomba, nipe mkanda wa baba."

Mjomba alikuwa amekaa kwa kujibana kwenye mnara, mkono usio na kiganja umefungwa kamba na shati. Alivua mkanda wa shemejiye kwa mkono mmoja na meno. Msumari aliking'oa kifungo chake cha chuma, akakitupa mbali awezavyo. Maji yalichemka pale kilipoangukia. Alizungusha ngozi ya mkanda juu ya goti la baba yake, akapitisha mpini wa brashi ya kusugulia weldi, akausokota hadi damu ikaacha kuruka na kuanza kudondoka. Fundi alimuuma mjomba begani kwa maumivu. Mjomba alimwacha aume. Alikuwa ameshaumwa na wakubwa zaidi.

Kisha mnyororo ukakatika. Boya liliruka, likayumba, likaanza kwenda. Ukungu uliokuwa umelala juu ya miamba uliwafunika kama shuka.

"Tunaenda wapi, mjomba?" Redio aliuliza.

Mjomba aliweka shavu kwenye upepo, akatazama mawimbi. "Mkondo unatoka. Unatupeleka nje."

"Nje ya wapi?"

"Nje ya kila kitu."

Wimbi lilipita chini yao, ulimi wa kengele ukagonga. Sauti nzuri, nzito, ya kwenda mbali. Mara moja vijiko vikaanza kukwangua chini ya jukwaa, na boya likatetemeka. Wimbi lingine, kengele, vijiko. Redio alivua shati lake la shule, akapanda mnara kama nyani, akaufunga ule ulimi kwa mafundo ya kutosha kufunga duka. Kukawa kimya. Vijiko vikapungua.

"Fungua!" mjomba alisema. "Una wazimu? Ile kengele ndiyo itakayotuokoa. Watu watatutafuta kwa masikio, macho hayafanyi kazi humu."

"Ikilia watatula, mjomba."

"Wewe unajuaje wanachotaka?"

Redio alimtazama dada yake. Msumari alitikisa kichwa kumkataza. Lakini kumkataza Redio ni kama kuzuia maji kwa wavu.

"Tuliwalea," Redio akasema. "Kule cherezoni. Tuliwafundisha kuja kwa ile tatu na mbili ya baba. Yule mkubwa anaitwa Mheshimiwa. Ndiye aliyekula baiskeli ya posta. Na geti la mwalimu mkuu. Na sufuria za mama, ila zile mbili za mwanzo tu, nyingine ni wenzake."

Fundi alikuwa amelala chali, uso umekuwa rangi ya majivu. Alimtazama binti yake muda mrefu, na Msumari angefurahi kama angemtukana.

"Wanaanza na kutu au na chuma safi?" fundi aliuliza.

"Kutu, baba."

"Hili boya chini ni kutu tupu." Alifunga macho. "Wana mlo mrefu. Tuna muda."

Dumu lilikuwa na maji chini ya nusu. Mjomba aligawa kwa kifuniko. "Kimoja kila mtu. Fundi viwili."

"Mbona baba viwili?"

"Kwa sababu anavuja."

Usiku ulipita bila mtu kulala na bila mtu kusema la maana. Walikaa wamebanana katikati ya jukwaa kama vidole vya ngumi, fundi katikati yao. Kila baada ya muda Msumari alilegeza mkanda kidogo, akaukaza tena. Boya lilikuwa linashuka. Jioni mawimbi yalipiga ukingo. Kulipopambazuka yalipita juu ya jukwaa na kuwalowesha mapaja. Ukungu ulikuwa palepale, mweupe, mnene, kama umelipiwa kukaa.

Fundi alikuwa anaongea na weldi alizofanya ujanani. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Hafiki jioni," mjomba alimnong'oneza Msumari. Hakulainisha, na Msumari akamshukuru kwa hilo moyoni. "Naufungua ule ulimi. Tukiliwa tuliwe tunasikika."

"Ukifungua, watamaliza boya kabla mtu hajaja."

"Na tusipofungua hakuna atakayekuja. Sema basi, wewe uliyewalea. Sema!"

Msumari alisikiliza chini. Kukwangua, kukwangua, na mbali kidogo, *kring*. Na baada ya *kring*, sauti mpya, ndogo, kavu: *tik*. Alichelewa kuitambua. Ilikuwa sauti ya bamba la mguu wa baba yake akipanda ngazi za karakana.

"Ninampa Mheshimiwa kengele," alisema.

"Unampa nani nini?"

"Wanamfuata mwenye sauti kubwa. Akiila, hakuna atakayekuwa na sauti kumshinda. Akiondoka, wote wanaondoka naye. Na akishiba anarudi cherezoni kulala. Mama ameisikia kengele hii wiki nzima, hata usingizini ataijua."

"Halafu sisi tubaki bila kengele?"

"Kengele itakuwa na miguu, mjomba."

"Hawana miguu," alisema Redio.

"We Redio, funga bakuli lako."

Alichukua nyundo ya baba yake kutoka mfukoni mwa suruali alimokuwa ameichomeka, nyundo ndogo yenye ncha, ya kubandulia magamba ya weldi. Aliishika kwa mikono miwili. Baba yake alifungua jicho moja.

"Usiukaze sana mpini," alisema. "Iache ianguke yenyewe."

Msumari aligonga kengele. Tatu. Kisha mbili.

Vijiko viliacha. Bahari ikawa kama inashusha pumzi. Kisha ukingo wa jukwaa ulizama, na Mheshimiwa akapanda.

Aliondoka cherezoni akiwa wa ukubwa wa mbwa. Sasa alikuwa na upana wa ng'ombe dume. Alijivuta kwa tumbo, meno yakikwaruza, maji ya kutu yakimtiririka, na boya lote likainamia upande wake. Nyuma yake ukingoni walijipanga wenzake, midomo wazi, wakisubiri. Mjomba alimvuta Redio nyuma ya mnara. Fundi hakuweza kuvutwa, alikuwa amelala kwenye njia ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa alifika kwenye mguu uliokatika, akasimama. Alinusa. Damu ina ladha ya chuma. Kila aliyewahi kung'oka jino anajua.

"Huku," Msumari alisema. "Mheshimiwa, huku. Njoo, mlafi wewe."

Hakuja. Mdomo wa duara ulifunguka taratibu juu ya paja la baba yake, juu ya mkanda.

Msumari alimpiga. Alimpiga kwa ncha ya nyundo, katikati ya pua, palepale alipozoea kupapasa. Akampiga tena, na tena, akilia, akimwita kwa jina, damu ya kahawia ikimrukia usoni na kumchoma kama mafuta ya kukaangia. Mheshimiwa alipiga yowe kwa sauti zote alizowahi kumeza: misumari, baiskeli, geti la mwalimu mkuu, sufuria za mama. *Tik*. Alimkupua Msumari kwa kichwa, mbavu mbili zikavunjika, akagonga mnara kwa mgongo. Kengele ikalia juu yake licha ya shati.

Kichwa kile kisicho na macho kiligeuka.

Msumari hakuwa na pumzi ya kusimama. Aliinua mkono tu, akaufungua, kiganja juu. Nyundo ilikuwa kwenye mkono mwingine na alijua ataitumia. Mheshimiwa alijivuta hadi kwake. Pua ilikuwa imechanika. Aliiweka kwenye kiganja, na ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai, kama zamani, na wote wawili walikuwa wanatetemeka.

"Kula," alimwambia. "Kula uende zako."

Mheshimiwa akainuka juu yake, kivuli kikamfunika, akaila kengele pamoja na ulimi na shati. Chuma kilipasuka, cheche zikaruka, mbavu zake mwenyewe zikamchoma Msumari kila mara jukwaa lilipotikisika. Mheshimiwa akawaka. Aliwaka mwekundu hadi ukungu ukawa wa waridi. Aligeuka, akateleza majini, na ndani yake, chini ya maji, kengele ya mtungi wa gesi ikaanza kulia kwa mapigo ya moyo wake. Wenzake waliacha boya, wakajipanga nyuma yake. Mlio ukaenda, ukaenda, ukapotea.

Palipokuwa na kengele palibaki kipande kimoja tu kwenye mnara: ile weldi.

"Imebaki," fundi alinong'ona. Alikuwa anatabasamu kama mpumbavu. "Mmeona? Hata yeye ameishindwa."

* * *

Kusubiri ni kazi mbaya kuliko zote, na hailipwi. Maji ya dumu yaliisha. Jua lilikuwa doa jeupe, likapanda, na doa likahama upande. Boya lilizama hadi wakawa wamekaa kwenye maji ya kifua, wakimshikilia fundi kichwa. Redio alisimulia kila kitu alichokijua, kisha na asichokijua. Mjomba alimwacha. Baadaye Redio naye akaishiwa.

"Mpigie simu," fundi alisema ghafla.

"Nani, baba?"

"Yule rafiki yako. Muulize kama ameshika."

Anaweweseka, mjomba alimwambia Msumari kwa macho. Lakini Msumari alielewa. Kama walakutu wangerudi sasa na njaa, maji yalikuwa kifuani na hapakuwa na jukwaa la kumficha mtu. Kama hawangeitwa, baba yake angekufa hapa akiwa mikononi mwake, kimyakimya, na wao wangemfuata.

"Mjomba?"

Mjomba alitazama mkono wake mfupi. "Mimi nimeshawalipa," alisema. "Gonga."

Akagonga ile weldi iliyobaki juu ya maji. Moja. Mbili. Tatu. Mbavu zilimkaba, vidole vikafunguka, na nyundo ya baba yake ikaponyoka, ikazama kabla ya zile mbili.

Hakukuwa na kingine cha kugongea. Wote wanne waliitazama sehemu ambapo nyundo ilipita.

Kutoka ndani ya ukungu, mbali, nzito, kukalia: *ngoo*. *Ngoo*.

Mara mbili.

Mlio ulikaribia polepole, kwa muda mrefu. Mheshimiwa alitokea kwanza, mgongo tu, mwekundu hafifu, kengele ikilia ndani yake. Nyuma yake msafara wote. Na nyuma ya msafara boti la faiba la kiwanda cha barafu, na mbele kabisa ya boti lile amesimama mama yao, mkata barafu, mikono imevimba kwa baridi ya miaka, gamubuti hadi magotini.

"Msisogee!" alipiga kelele. "Wameshiba, lakini msisogee!"

Mama na wenzake wa kiwandani waliwavuta mmoja mmoja, fundi kwanza. Walakutu walipisha. Mama alimkaza mumewe mkanda upya, akamwekea barafu kwenye kitambaa, akampiga kofi Redio, akambusu, akampiga tena.

"Liliingia cherezoni likilia kengele yako," alimwambia mumewe, akihema. "Nikashuka mbio. Nikaona shati la mwanangu kwenye meno. Nikasema, ama nalizika ama nalifuata. Nikaliacha kwanza limalize reli zote, lenyewe na wenzake, maana mwenye njaa hasikilizi. Halafu likainua kichwa kama limeitwa, likageuka."

"Hukuogopa?" mjomba aliuliza.

"Nimeishi na huyu fundi na kelele zake, niogope nini?" Alimgeukia binti yake, akamtazama uso uliojaa malengelenge ya damu ya moto. Sauti ikashuka. "Na wewe. Ulidhani sikujua nani anakula sufuria zangu?"

* * *

Mguu ulikatwa juu ya goti, na fundi akaishi. Mjomba aliacha bahari. Anauza tiketi za basi kwa mkono wa kushoto, na ukimuuliza saa anakwambia imekwenda kunywa maji. Redio siku hizi hufikiri kabla ya kusema. Haimsaidii sana, lakini hufikiri. Usoni mwa Msumari madoa ya kahawia hayakutoka. Wenzake shuleni walijaribu kumwita Kutu. Alipogeuka kuwatazama, wakarudi kwenye Msumari.

Mageti ya mtaa ule sasa ni ya mbao, bawaba za ngozi, na magongo ya fundi hayana hata skrubu moja. Bado anachomelea, akiwa amekaa. Akimaliza weldi huigonga mara tatu tu, kisha anasubiri, kichwa upande, kama mtu aliyebisha hodi.

Asubuhi moja walikuwa wawili karakanani, yeye na binti yake akimshikia bomba refu, mwisho wake ukigusa maji ya cherezo. Aligonga tatu. Kutoka chini kule, cherezoni, mahali reli zilipokuwa, kukalia kengele mara mbili, halafu baiskeli, na mwisho kabisa, polepole, kitu kidogo kikavu kikipita kando ya ukuta wa cherezo kuelekea bahari: *tik, tik, tik*.

Msumari aliacha bomba. Fundi alisikiliza hadi ikaisha.

"Mguu wangu huo," alisema. "Angalau mmoja wetu anafanya mazoezi."

Akavuta miwani usoni, akawasha moto. Msumari alikunja kiganja chake polepole, kilikuwa na joto, akashika bomba tena.